Kimelea kisicho na ukuta, na kapsuli tunazozimimina katika maji ya kuku



Kipupwe kinapoingia Singida, kati ya Juni na Agosti, upepo huvuma tangu alfajiri, vumbi hupanda, na katika mabanda husikika sauti ambayo kila mama mfugaji wa Ikungi, Iramba au Mkalama anaitambua. Kuku anapiga chafya, anakoroma usiku kama mwenye pumu, machozi yanamtiririka, na uso unamvimba chini ya jicho. Asubuhi yake mtoto hutumwa dukani kununua kapsuli za rangi mbili. Hupasuliwa, unga ukamwagwa katika kopo la maji, na kuku wote, wagonjwa kwa wazima, wakanyweshwa. Baada ya siku chache baadhi wamepata nafuu, wengine bado wanakoroma, na mwenye kuku husema kwamba dawa siku hizi zimechoka.

Juu ya neno hilo, dawa kuchoka, ndipo tunapotaka kuzungumza na familia zetu leo. Dawa haichoki. Ama haikuwa dawa ya maradhi hayo tangu awali, ama maradhi yamefundishwa kuishi nayo. Mambo haya mawili ni tofauti kabisa, na katika banda la kuku wa Singida yanakutana mahali pamoja.

Tusilione jambo hili kuwa dogo. Kuku wa kienyeji wa Singida wana jina nchi nzima. Hupakiwa katika matenga na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, wakauzwa Shekilango, Kisutu na kwingineko, na mnunuzi wa huko huuliza kwanza kama kweli wametoka Singida. Katika kaya nyingi kuku ndio akiba ya mama. Hao ndio sare ya shule, daftari, nauli ya kwenda kumwona mgonjwa, na kanzu ya mtoto siku ya Idd. Banda likiugua, kinachougua ni mfuko wa nyumba.

Kwanza tutenganishe maradhi. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huletwa na virusi, na kwa huo hakuna kapsuli wala unga utakaofaa. Kinga yake ni chanjo ya matone ya jicho, ambayo hutengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Huo hufyeka banda zima kwa siku chache. Maradhi tunayoyazungumzia leo hayana haraka kama hiyo. Hukaa. Kuku anakonda, anapunguza kutaga, anakoroma wiki baada ya wiki, na aghalabu hafi mpaka maradhi mengine yamkute hali amedhoofika. Wafugaji huyaita mafua sugu, na kimelea chake ni miongoni mwa jamii ya bakteria waitwao mikoplasma. Hupita kwa pumzi na kwa vyombo vya maji, na, jambo ambalo wengi hawalijui, hupita ndani ya yai, hata kifaranga akaanguliwa nacho. Kuku aliyepona kwa macho anaweza kuendelea kukibeba kimya kimya, mpaka baridi, vumbi au safari ndefu ndani ya tenga imwamshie tena maradhi.

Sasa tukitazame kimelea chenyewe, maana umbo lake ndilo linaloeleza kwa nini kapsuli nyingi hazikifanyi lolote.

Bakteria walio wengi wamejengewa ukuta. Ndani yao mna mgandamizo mkubwa wa maji, na ukuta ndio unaowazuia wasipasuke. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, pamoja na watoto wake amoksilini na ampisilini, kazi yao ni kuwazuia mafundi wanaoujenga ukuta huo. Bakteria anaendelea kukua, ukuta haukarabatiwi, naye hupasuka. Ni kama nyumba ya tembe ambayo kwa misimu kadhaa haikukandikwa udongo; mvua kubwa moja inatosha kuiangusha.

Mikoplasma hana ukuta. Ni mfuko mdogo wa utando laini, ambao huuimarisha kwa mafuta ya kolesteroli anayoyachukua kutoka katika mwili wa mnyama anayemkalia. Wanasayansi wanaona kwamba asili yake ni bakteria wenye ukuta, ila katika maisha ya kutegemea miili ya wengine aliacha kimoja baada ya kingine, hadi akabakiwa na vitu vichache mno. Yupo mmoja wa jamii hii, anayempata binadamu, ambaye jeni zake zinazotengeneza protini hazifiki 500, ilhali bakteria wa kawaida wa utumbo anazo zaidi ya 4,000. Sasa tumuulize anayemwaga amoksilini katika kopo la kuku mwenye mafua sugu: mafundi wa ukuta unaowafukuza ni wepi, na nyumba haina ukuta?

Tena liko jambo moja la maabara ambalo tunaliona kuwa ushahidi mzito kuliko hoja zote. Mtaalamu anapotaka kumwotesha mikoplasma katika chupa, huweka penisilini humo makusudi, ili iwaue bakteria wengine na kumwachia mikoplasma nafasi. Ile ile tunayoiita tiba, yeye huitumia kama jembe la kumpalilia.

Huo ndio mlango wa kwanza uliofungwa. Upo wa pili, na huo ni wa ndani zaidi.

Katika kila seli hai mna daftari kuu, DNA, ambamo yameandikwa maelezo ya kutengeneza kila protini. Daftari hilo halitolewi kwenda kwa mafundi. Yupo katibu anayenakili ukurasa unaohitajika, na nakala hiyo, RNA, ndiyo inayopelekwa kazini. Katibu huyo ni kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA. Akizuiwa yeye, hakuna protini mpya, na seli hufa. Rifampisini, dawa iliyotokana na kazi ya maabara ya Milan na kuanza kutumika Italia mwaka 1968, humzuia katibu huyu wa bakteria kwa namna ya ajabu. Huingia katika kijishimo kilicho ubavuni mwake, karibu na njia ambamo nakala hutokea. Herufi ya kwanza huandikwa, ya pili huandikwa, pengine na ya tatu, kisha uzi wa nakala hugonga dawa na kukwama. Katibu yupo, wino upo, daftari liko wazi, lakini ukurasa hauandikiki.

Kwa mikoplasma, rifampisini haifanyi hivyo. Mwaka 1996 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha uchunguzi wao juu ya bakteria mwingine asiye na ukuta, Spiroplasma citri, ndugu wa mikoplasma anayeharibu michungwa. Walisoma jeni inayotengeneza sehemu ile ya katibu ambamo dawa hukaa. Protini ni kama tasbihi ya punje zilizopangwa, na kila punje ina namba yake. Mahali pa 526, kwa hesabu wanayoitumia wanasayansi, bakteria wanaouawa na rifampisini wana punje iitwayo histidini. Huyu asiye na ukuta ana punje nyingine, asparajini. Punje moja katika zaidi ya elfu moja, na hapo ndipo ulipoonekana mzizi wa ukinzani wake. Dawa inafika, haipati pa kushika, na katibu anaendelea kuandika.

Msomaji anaweza kusema: rifampisini si dawa ya kuku, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Rifampisini ndiyo nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, maradhi yaliyomo katika nyumba zetu. Mgonjwa hunywa dawa nne kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne, na hospitali zetu humpa bila malipo. Kimelea cha kifua kikuu kinapopata usugu kwa rifampisini, hubadilika katika eneo hilo hilo la katibu, na mahali pa 526 ni miongoni mwa sehemu zinazobadilika mara nyingi zaidi. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake mwaka 2010 na ambayo leo inapima makohozi katika hospitali zetu nyingi, husoma kipande hicho cha jeni na kutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili. Inachokitafuta ndani ya makohozi ya binadamu ni mabadiliko ya aina ile ile ambayo mikoplasma amezaliwa nayo.

Tofauti iko hapa. Mikoplasma hakufundishwa na mtu. Ndivyo alivyo, nasi hatuna lawama wala uwezo wa kumgeuza. Kifua kikuu sugu kina mkono wa watu ndani yake. Miongoni mwa mamilioni ya vimelea kifuani mwa mgonjwa, wachache sana hutokea na badiliko hilo kwa bahati tu. Dawa zikinywewa zote kwa muda wote, kinachoikwepa moja huuawa na nyingine. Zikiachwa kwa sababu kikohozi kimetulia na nguvu zimerudi, au zikinywewa leo na kusahauliwa kesho, wale dhaifu hufa na wale wachache hubaki na shamba zima. Mgonjwa huyo huweza kuwaambukiza mkewe na wanawe maradhi ambayo ni sugu tangu siku ya kwanza. Tanzania ilianza kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, na matibabu yao yamekuwa marefu na mazito kuliko yale ya kawaida.

Turudi bandani. Kama penisilini haimgusi mikoplasma, na rifampisini haimgusi, amebaki na nini cha kuogopa? Amebaki na mafundi wanaosoma nakala na kutengeneza protini, ambao huitwa ribosomu. Hao anao, na dawa kama oksitetrasaiklini na tailosini kwa mifugo, au azithromaisini na doksisaiklini kwa binadamu, huwazuia. Ndiyo maana baadhi ya kapsuli za rangi mbili hufaa na nyingine hazifai. Moja ina tetrasaiklini, nyingine ina ampisilini, mnunuzi haulizi na muuzaji hasemi, kwa kuwa zote zinaitwa kwa rangi.

Silaha hizo chache nazo zinaweza kupotea, tena kwa haraka kuliko tunavyodhani. Bakteria wa utumbo ana nakala saba za jeni inayounda kiini cha ribosomu. Ikibadilika moja, sita bado zinatii dawa. Mikoplasma, kwa ule uchache wake, ana moja au mbili tu. Yule anayewaletea binadamu homa ya mapafu anayo moja, na badiliko la herufi moja humtoa katika mikono ya azithromaisini. Haya si ya kubuni: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Japani na China zimekuwa na watoto wengi wanaougua mikoplasma wa namna hiyo. Anayetia unga kidogo katika kopo ambalo kuku mzima hunywa sana na mgonjwa hunywa tone, kwa siku mbili badala ya muda ulioandikwa, anaiandaa hali hiyo hiyo nyumbani kwake.

Hata ile amoksilini isiyomgusa mikoplasma haipiti bure. Inawapitia bakteria wengine walio tumboni mwa kuku, ikiwaua wanyonge na kuwaacha wajuzi. Hao hutoka na kinyesi, wakaenda na mbolea kwenye bustani ya mchicha, na katika mikono ya mtoto anayeokota mayai. Wizara zetu zinaliita jambo hili UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na mpango wa kwanza wa taifa wa kupambana nalo ulianza mwaka 2017. Kwa mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Kuku si peke yao. Homa ya mapafu ya ng'ombe nayo ni ya mikoplasma. Ndiye wa kwanza wa jamii hii kuoteshwa maabara, na Nocard na Roux, Paris, mwaka 1898. Nchi yetu iliwahi kuutokomeza ugonjwa huo katika miaka ya 1960, ukarejea mwaka 1990 kwa kupitia kaskazini. Wafugaji wetu wanastahili kujua kwamba chanjo inayotumika sana barani Afrika dhidi yake, iitwayo T1/44, asili yake ni kimelea kilichopatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikapitishwa katika mayai yenye viini hai mara 44 mpaka kikapoa makali. Kwa ng'ombe, wataalamu wamekuwa wakitahadharisha kwa muda mrefu dhidi ya kutegemea sindano za antibaiotiki, kwa kuwa mnyama huweza kuonekana amepona hali pafuni mwake pamebaki kidonda kilichofungika chenye vimelea hai, akarudishwa zizini na kuchanganywa na wenzake. Mbuzi wana yao, na kimelea chake kilitambuliwa Kenya mwaka 1976.

Hapa pana neno kwa wauzaji na wanunuzi wa wanyama wa Idd al-Adh'ha. Sote tunajua kuwa mnyama mwenye maradhi ya dhahiri hafai kuchinjwa udhia. Sindano ya oksitetrasaiklini siku mbili kabla ya mnada huweza kuyaficha maradhi yaliyokuwa dhahiri, na nyama ikaingia jikoni ikiwa bado na dawa. Kila dawa ya mifugo ina kipindi cha kusubiri kilichoandikwa katika chupa, kabla nyama, maziwa au mayai kuliwa. Mnunuzi ana haki ya kuuliza mnyama alichomwa nini na lini, na muuzaji anadaiwa jibu la kweli. Kwa maziwa, kina mama wana kipimo chao cha kale: yakikataa kuganda kuwa mtindi wakati ya ng'ombe wengine yameganda, yafaa kuuliza kama ng'ombe huyo alitibiwa, kwani dawa iliyobaki huwazuia hata wale bakteria wema wanaogandisha.

Sasa tuseme juu ya watoto, na hapa tunaomba tusomwe kwa uangalifu. Yupo mikoplasma wa binadamu, na huwapata zaidi watoto wa umri wa shule na vijana. Huleta homa ya mapafu isiyomlaza mtu kitandani, mtoto anatembea, anakwenda madrasa, lakini kikohozi kikavu hakimwachi kwa wiki kadhaa. Amoksilini haimsaidii huyu. Asiwepo, hata hivyo, mzazi atakayesoma makala hii akaikataa amoksilini aliyoandikiwa na daktari. Kwa mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano anayepumua kwa haraka, homa ya mapafu aghalabu inayohitaji dawa ni ya bakteria wenye ukuta, na amoksilini ndiyo inayookoa maisha yake. Akiingiza kifua ndani, akashindwa kunyonya au akalegea, asisubiri dawa ya duka. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Tetrasaiklini ile ya kuku asipewe mtoto mdogo wala mjamzito, maana huharibu meno na mifupa inayokua. Na kikohozi kinachofika wiki mbili, kwa mkubwa au mdogo, kipimwe kifua kikuu kabla ya kujaribiwa kapsuli ya aina yoyote.

Kuhusu banda, yapo ambayo hayahitaji dawa na yanafanya zaidi ya dawa. Upande unaotoka upepo uzibwe kwa magunia au udongo, na upande wa pili uachwe wazi hewa ipite, maana harufu kali ya kinyesi huunguza koo la kuku na kumfungulia mikoplasma njia. Kuku mgeni kutoka mnadani akae peke yake wiki mbili au tatu. Mayai ya kuku aliyewahi kukoroma yaliwe, yasilaliwe. Anayekoroma atengwe, apewe maji yake, na afisa mifugo wa kata aitwe amtazame kabla ya dawa kununuliwa. Mtoto akitumwa dukani, aende na jina la dawa limeandikwa katika karatasi, pamoja na kipimo na idadi ya siku. Akirudi na ya jina lingine, kwa maelezo kwamba zote ni moja, airudishe.

Wiki ijayo, Inshaallah, tutaeleza ratiba ya chanjo ya mdondo kwa kuku wa kienyeji na namna ya kuibeba chupa yake kutoka mjini hadi kijijini bila kuiharibu kwa joto.